Mnong'onezi wa Mfalme

Mtu ambaye kazi yake ni kukaa gizani na kunong'ona, usimkaribishe kwako akaijua nyumba yako hadi mahali inapokaa sukari. Mimi nilimkaribisha. Nilimpikia, nilicheka vichekesho vyake, nikamwita shemeji, na siri ya mume wangu nikamkabidhi kwa mikono yangu miwili. Kwa hiyo mkinisikia nimekasirika, msiniambie nipoe. Nimekwisha kupoa, na hivi ndivyo nilivyo nikipoa.

Mume wangu ni mwigizaji. Watu wanamwita Mfalme kwa sababu amecheza wafalme mpaka amesahau namna ya kuomba chumvi mezani kama binadamu wengine. Ana sauti ya kutikisa vioo na tumbo la heshima, na akiingia dukani kununua sabuni, mwenye duka husimama. Mimi nilikuwa malkia wake jukwaani na nyumbani, na kati ya kazi hizo mbili, ile ya jukwaani ndiyo iliyokuwa na mapumziko.

Kushoto mwa jukwaa, nyuma ya pazia, palikuwa na kiti kirefu na taa ndogo iliyofunikwa kitambaa. Hapo alikaa rafiki yake mume wangu wa tangu shule, na kwa kukaa kwake hapo tukamwita Pazia. Kazi yake ilikuwa kuifuata tamthilia ukurasa kwa ukurasa, na mwigizaji akikwama, amnong'oneze maneno yanayofuata. Mume wangu alikuwa na ishara yake. Akikwama, anaweka ngumi mdomoni na kukohoa mara mbili, kikohozi kidogo cha kifalme ambacho watazamaji walidhani ni maringo. Pazia anarusha neno, Mfalme analidaka na kulinguruma kana kwamba amelizaa yeye.

Walifanya hivyo tangu ujana wao, na msipolielewa hili hamtaelewa lililonikuta. Mume wangu alizoea kwamba neno likitoka upande ule halihojiwi. Mwigizaji anayesimama kulifikiria neno la mnong'onezi ameshaharibu onyesho.

Sasa, kichwa cha mume wangu kikaanza kuvuja. Sisemi kusahau miwani, hilo ni la kila mtu. Alimwita binti yetu kwa jina la marehemu mama yangu. Aliweka funguo kwenye jokofu, akanigombeza mimi kwa kuziweka kwenye jokofu. Jukwaani kikohozi kile, ambacho zamani ulikisikia mara moja moja, kikawa kama cha mgonjwa wa kifua.

Na mwaka huo tulikuwa tunairudia tamthilia yake kubwa. Ni hadithi ya zamani ya wivu. Mfalme ana mke, mke ana mpiga zeze wa kasri anayemburudisha mchana, na waziri ana kijicho. Waziri ananong'ona, mfalme anaamini, malkia anajengewa ukuta akiwa hai. Mwishoni ukweli unafichuka. Mfalme anasimama mbele ya ukuta na kupiga kelele, "Bomoeni ukuta huu!" na ukuta ukibomolewa malkia ameshakufa. Watazamaji huwa hawavumilii. Wanapiga kelele kutoka vitini, "We mjinga, si umuulize mkeo!" Na mume wangu akirudi chumbani kuvua taji alikuwa akicheka mpaka machozi.

"Huyu mfalme kichwa maji kabisa," aliniambia. "Ningekuwa mimi, ningemuuliza mke wangu kwanza."

Nakumbuka alivyolisema. Mimi nakumbuka kila kitu, ndiyo balaa langu.

Ukuta wenyewe ulikuwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya mawe, na mimi nilisimama nyuma yake nikijifanya maiti. Mume wangu alipokwama pale mbele, nilimnong'oneza kupitia ufa kabla hata hajakohoa. Maiti inamkumbusha muuaji wake maneno. Ndoa nyingi ziko hivyo, ila hazina watazamaji.

Nilimweleza Pazia siku aliyokuja kula kwetu. Mume wangu alikuwa bafuni anaimba.

"Shemeji," nilimwambia, "kichwa cha rafiki yako hakiko sawa. Mimi nikiwa karibu naye namsogezea maneno. Upande wako nakutegemea wewe. Lakini asijue mtu. Mwongozaji akijua atamtoa, na akitolewa jukwaani atakufa huyu."

Pazia aliweka mkono kifuani. "Shemeji, limeingia hapa, na hapa litazikwa."

Nikamwongezea mchuzi. Nikamchagulia na nyama isiyo na mfupa, mpumbavu mimi.

Sikujua kwamba yule mtu, miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile, alikuwa anaitazama taji ya bati kwenye kichwa cha rafiki yake na kuitaka. Maneno ya mfalme aliyajua yote, kuliko mfalme mwenyewe. Alichokosa ni nafasi tu, na mimi ndiye niliyemwonyesha mlango wa kuingilia. Ila mlangoni nilikuwa nimesimama mimi. Mradi nilikuwepo nyuma ya ule ukuta, mume wangu asingeanguka. Basi ilibidi nitoke mimi kwanza.

Mpiga zeze tulimpata kijana mpya. Tulimwita Redio kwa sababu nje ya jukwaa alikuwa hanyamazi, na akipanda jukwaani betri zinaisha. Alikuwa anatetemeka mpaka zeze linajipiga lenyewe. Mchana mmoja tukiwa kwenye kile chumba chetu cha chai, chenye meza moja na viti visivyofanana, mume wangu aligonga meza kwa kiganja.

"Mke wangu, huyu kijana atatuaibisha," alisema. "Mchukue pembeni umfundishe. Hata kama ni kila siku, mfundishe mpaka aive."

Tulikuwa watatu mle ndani. Mimi, yeye, na Pazia, aliyekuwa anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka refu bila kukatika. Alitazama juu na kutabasamu.

"Tumieni chumba cha mavazi, shemeji. Hakina kelele. Funguo ninazo mimi."

Akanipa funguo papo hapo, zikinuka chungwa.

Nikamfundisha Redio kati ya makoti ya askari na magauni ya malkia. Kijana alikuwa ananiita mama. Nilimfanya aseme maneno yake mgongo ukutani, macho yamefumbwa, mpaka akaacha kutetemeka. Na nikifundisha mimi hushika maneno ya mwenzangu pia, kwa hiyo mazoezini midomo yangu ilikuwa inacheza Redio anaposema, bila mimi kujua. Pazia alijua. Pazia kazi yake ilikuwa kutazama midomo.

"Kaka, mimi sisemi kitu," alimwambia mume wangu. Haya nimeyapata baadaye, kwa mume wangu mwenyewe, kwa mafungu, akinitupia usoni. "Mimi sisemi kitu, lakini mtazame shemeji kijana akisema. Kila neno lake analo mdomoni. Mwanamke anayajuaje maneno ya mwanamume kiasi hicho?"

Anauma na kupuliza. "Labda ni mapenzi ya kazi tu, kaka. Usije ukanisikia vibaya."

Kisha akampeleka kusimama nje ya chumba cha mavazi. Hapo ndipo alipoonyesha ufundi wake. Mume wangu, kama waigizaji wengi wenye vichwa vilivyovimba, alisoma kurasa zake tu. Onyesho la malkia na mpiga zeze hakuwahi kulitazama hata siku moja, kwa sababu wakati huo mfalme huwa chumbani anabadilishiwa joho. Pazia alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Basi mume wangu akasimama mlangoni akamsikia kijana akisema, "Malkia wangu, mume wako ana taji, mimi nina wewe," na akanisikia mimi, mkewe, nikijibu, "Sema tena, polepole."

Bila shaka nilisema polepole! Alikuwa anakimbia kama anafukuzwa na mbwa!

Nilimkuta mume wangu jikoni amesimama, hajavua hata viatu. Sikuwa nimeweka mkoba chini.

"Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu lini nini?"

"Wewe na mtoto wa watu."

Nilicheka. Hilo lilikuwa kosa, lakini lilikuwa jambo la kuchekesha. Akanirudishia yale maneno ya mlangoni, na akayasema vizuri kweli, bila kukwama hata kidogo. Hayo aliweza kuyakumbuka.

"Baba, hayo ni maneno ya tamthilia," nilimwambia. "Ni onyesho la pili. Wewe huwa unabadilishwa joho. Na ni wewe uliyeniambia nimfundishe yule kijana."

"Mimi?"

"Wewe. Kwenye chumba cha chai. Ukagonga meza."

Nilimwona akitafuta. Macho yake yaliingia ndani, yakazunguka kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi, yakarudi bila kitu. Pale ningemwonea huruma, na nilikuwa karibu kumwonea, ila aliona aibu, na aibu yake akaigeuza ikawa hasira.

"Usiutumie ugonjwa wangu," alisema. "Nimesahau maneno, sijasahau mke wangu nilimwambia nini."

"Mwite Pazia! Alikuwepo. Mwite sasa hivi."

Ndiyo. Mimi ndiye niliyesema aitwe. Nilishika simu kwa mkono wangu nikampigia, na alipoingia nilihisi mabega yangu yanashuka kwa nafuu, kama mtu aliyeona ndugu yake kituo cha polisi.

"Shemeji," nilimwambia, "mwambie mwenzako. Si alinituma yeye kumfundisha Redio? Chumba cha chai. Ulikuwa unamenya chungwa."

Pazia alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akatazama sakafu. Alikaa kimya muda wa kutosha. Nimefanya kazi hii miaka mingi, najua kimya kilichopimwa nikikiona, na hata hivyo sikukitambua.

"Shemeji, msiniweke katikati," alisema.

"Katikati ya nini? Sema ulichosikia!"

"Mimi humenya machungwa mengi." Akashusha pumzi. "Sikumbuki, shemeji."

Mtu ambaye chakula chake, nguo zake na kodi ya nyumba yake vinatokana na kukumbuka! Mume wangu akamgeukia, sauti imekauka.

"Na yale maneno ya mlangoni, ni ya tamthilia?"

"Yamo, kaka," alisema Pazia, taratibu, kama daktari. "Yamo. Maneno yamo. Namna yalivyosemwa, hilo siwezi kulisemea."

Mume wangu akaweka ngumi mdomoni. Hakukohoa, hakuwa na haja. Neno lilikuwa limeshatoka upande wa kushoto, na yeye akalidaka.

"Toka kwangu," aliniambia, kwa ile sauti ya vioo. Majirani walisikia vizuri sana, walikuwa wamekaa viti vya mbele.

Nilihamia kwa dada yangu na masanduku mawili. Mume wangu alimwambia mwongozaji achague, yeye au mimi na Redio. Mwongozaji alipima, akaona sura iliyobandikwa kwenye kuta za barabara si yangu, akachagua. Redio alinipigia simu analia. "Mama, nisamehe," alisema, na mimi nikamwambia akome kulia, aende akatafute kazi ya redio kweli. Nafasi yangu wakampa binti mmoja mwenye shingo nzuri na kichwa kitupu.

Nilimpigia Pazia mara moja tu. Sikutaka maelezo, nilitaka kumsikia akitapatapa. Hakutapatapa.

"Shemeji, muda wako ulikuwa umefika," alisema. "Na wake pia. Mimi nimekaa gizani muda mrefu."

"Ulikula kwangu."

"Na chakula kilikuwa kizuri," alijibu, akakata simu.

Nilimwambia mume wangu? Nilimwambia. Nilikwenda hadi mlango wa jengo la maonyesho nikamweleza neno kwa neno, na yeye akanisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita Pazia aje amweleze maana yake. Nikageuka nikaondoka kabla hajafika.

Siku ya kwanza ya onyesho ilikuwa Jumamosi alasiri. Dada yangu alinisihi nisiende. "Unakwenda kufanya nini kule?" aliuliza, amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikamwambia nakwenda kumtazama mume wangu akianguka. Sioni sababu ya kulipamba. Fundi wa mavazi, mama mmoja mwema asiyependa maneno, alinipitisha mlango wa nyuma akanikalisha safu ya mwisho, karibu na nguzo. Alikuwa na sura ya mtu anayetaka kusema kitu. Hakukisema.

Mwanzoni mume wangu alikuwa mzuri, siwezi kumnyima. Alitembea, alinguruma, alishuku, watu wakapiga kelele zile zile, "We mjinga, muulize mkeo!" Watu walionizunguka walikuwa wanasonya. Mimi niliuma meno. Alikohoa mara mbili, Pazia akampa neno. Alikohoa tena, akapewa. Pazia alikuwa anampeleka salama, mkono kwa mkono, mpaka alipotaka kumfikisha.

Ukafika ukuta. Mbao zile zile, rangi ile ile ya mawe, na nyuma yake yule binti amejifanya maiti, na kweli alikuwa maiti, maana hakuwa na msaada wowote. Mume wangu akasogea, joho linaburuta. Akainua mkono. Akafungua kinywa, na sauti haikutoka.

Akakohoa mara mbili.

Upande wa kushoto, kimya.

Akakohoa tena. Watu walidhani ni kilio cha mfalme, wengine wakafuta macho. Lakini mkono ukabaki hewani, na mtu mmoja akacheka kule mbele, na mwingine akamfuata. Mume wangu akaligeukia pazia waziwazi, kama mtoto anayemgeukia mama yake sokoni. Taa ndogo ilikuwa inawaka pale. Aliyekuwa na taa alikuwa anamtazama tu. Ndipo mume wangu akageuka akasogeza uso kwenye ule ufa wa ukuta, mahali nilipokuwa nikisimama mimi, akasubiri. Alisubiri sana. Mwisho akainua macho, akautazama ukumbi mzima, safu kwa safu.

Bomoeni ukuta huu. Maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni, yamekaa nyuma ya meno, na nina sauti ya kufika jukwaani bila kipaza sauti. Ningesimama tu. Midomo yangu ilikuwa inacheza, niliihisi.

Nikaifunga.

Pazia lilishuka. Watu wakaanza kunung'unika na kutafuta mikoba, na mwongozaji akatoka mbele anatokwa jasho, akaomba dakika chache. Lilipofunguliwa tena, mbele ya ukuta alisimama mfalme mwingine, mwembamba, kichwa juu. "Bomoeni ukuta huu!" alipaza, na sauti yake, iliyoishi kwa kunong'ona, ilikuwa safi ajabu. Watu walimpigia makofi. Wakasimama kabisa.

Mimi nilikuwa natazama joho. La mume wangu lingetosha kuwafunika wawili kama Pazia. Hili lilimkaa mabegani sawasawa, na pindo liligusa viatu tu, halikuburuta. Vazi la hivyo halishonwi kwa dakika chache. Nikageuka kumtafuta fundi wa mavazi, nikamkuta nyuma ya nguzo, ameshika mdomo.

"Pazia alinipa vipimo vyake mwezi uliopita," alisema. "Aliniambia ni la akiba. Mume wako ndiyo kwanza ameliona. Amekaa kwenye kiti cha Pazia, anaangalia lile joho."

Mume wangu alikuja asubuhi. Dada yangu alimfungulia, akamwona, akaniita bila kumkaribisha, akarudi jikoni na kuzima redio ili asikie vizuri. Alikuwa amevaa shati la jana. Bila joho, tumbo lile la heshima lilikuwa tumbo tu.

"Lilimkaa sawasawa," alisema.

"Niliona."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Alilitafakari hilo, akalielewa, na sikumsaidia kulibeba. Wala hakuniomba msamaha. Nafikiri angeniomba, ila kwanza alitaka kujua anaomba msamaha wa nini.

"Mke wangu," alisema, "kile chumba cha chai. Usiku kucha nimekitafuta. Naiona meza. Nauona mkono wangu. Kuna harufu ya chungwa. Lakini maneno siyapati." Alishika fremu ya mlango. "Wewe unakumbuka kila kitu. Niambie tu, na safari hii nitakuamini. Niliwahi kukwambia umfundishe yule kijana?"

Kisha, kwa kuwa sikujibu upesi, akaweka ngumi mdomoni na kukohoa mara mbili.

Nilikuwa nalo jibu. Nilikuwa na meza, kiganja, ganda refu la chungwa lisilokatika, na kila neno alilolisema kwa mpangilio wake. Nilimtazama mume wangu machoni, muda wa kutosha.

"Sikumbuki," nikamwambia, nikafunga mlango.